Miezi sita katika shule ya Kichina ya ghorofani, Lubumbashi: nyota tatu na nusu

Nianze na ngazi. Ni za chuma, ziko nyuma ya jengo, na ili uzifikie lazima upite katikati ya banda la fundi cherehani, uinamishe kichwa chini ya vitenge vilivyotundikwa, umsalimie mwenyewe, ndipo upande. Msimu wa mvua zinateleza. Chini hakuna kibao. Kibao kiko juu, kikubwa, chekundu na njano, kinasomeka vizuri ukiwa ng'ambo ya barabara, mahali ambapo mlango huuoni. Siku ya kwanza nililizunguka jengo mara mbili. Ni mjini kati, dakika saba kwa miguu kutoka Posta, na kwa maelezo hayo wenzangu wa Lubumbashi wengi wameshajua nasema wapi. Jina silitaji, kwa kuwa nina manung'uniko kadhaa na sipendi kumharibia mtu riziki, na pia mwalimu bado ananidai zoezi la wiki iliyopita.

Nililipa dola 40 kwa mwezi, miezi sita, Jumanne na Alhamisi jioni, Jumamosi asubuhi. Kujiandikisha dola 15. Halafu ikaja hela ya fotokopi, ambayo siku ya kujiandikisha hakuna aliyeitaja: faranga elfu tano leo, elfu saba wiki ijayo, kila kinapogawiwa "kitabu" kipya. Kitabu chenyewe ni nakala ya nakala. Kwa Kifaransa ungevumilia, lakini kwa Kichina herufi ya mistari kumi na miwili ikipita mara tatu kwenye mashine hubaki doa jeusi, na wewe unaambiwa ulinakili doa hilo mara ishirini kwenye daftari. Risiti utapewa, ila uombe.

Kabla hujazifuata nyota zangu, jua anayezitoa ni nani, maana mimi sikupanda ngazi zile nikiwa mtupu. Kichina nilikuwa nakiongea karibu miaka kumi. Nilikuwa siwezi kukisoma.

Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba iliporomoka na makampuni mengi madogo huku Katanga yakafunga. La kwetu lilifunga Ijumaa. Jumatatu tulikuta mlinzi peke yake. Nilikuwa karani wa fedha, nina diploma yangu ya sekondari, nina Kifaransa na Kiswahili cha Kamalondo, mtaa wetu hapa Lubumbashi, na mama mdogo alikuwa Kitwe, Zambia. Nikavuka mpaka. Miaka mitatu niliuza mitumba katika soko la Chisokone, kule wanaiita salaula, na kule ndiko nilikopata Kibemba kwanza, Kiingereza baadaye. Watu hudhani Zambia unafika tu unakuta Kiingereza kinakungoja. Sokoni hakuna anayekungoja. Mteja anasema "mulishani", unajibu, anauliza bei, na bei inatajwa kwa Kiingereza cha soko ambacho elfu moja inaitwa "pin". Hizo ni kwacha za zamani, kabla hawajaondoa sifuri tatu mwaka 2013. "Fifty pin" ndiyo sentensi yangu ya kwanza ya Kiingereza iliyoniletea chakula.

Kwa Kiingereza hicho nikapata kazi Kasumbalesa, kwa wakala wa forodha, mwaka 2012. Waliniajiri kwa sababu naweza kuongea na pande zote mbili za mpaka. Kuandika ilikuwa habari nyingine. Barua yangu ya kwanza kwenda ng'ambo nilitaka kusema "tunaomba mtutumie hati", na kwa kuwa kichwani kwangu kuomba ni "demander" ya Kifaransa, nikaandika "we demand", ambayo kwa Kiingereza ni kudai kwa nguvu. Jibu lilirudi kesho yake kwa upole mkubwa: Mama, hati zinakuja, hatuko vitani.

Pale pale Kasumbalesa ndipo nilipojifunza Kiswahili. Usicheke. Madereva wa malori wanatoka Dar es Salaam, wamepita Tunduma, wametembea karibu kilomita 2,000, wamechoka, na mimi nawaambia "batoto banaleta kriki" wakati mwenzangu amezoea kusikia "watoto wanaleta jeki". Wa Mbeya mmoja alinichekea hadi akakaa chini kwenye ngazi ya lori lake. Baadaye tukawa marafiki, akawa ananisahihisha bila kuombwa. Kiswahili ninachoandika hapa kilitoka kwa madereva, kilomita 90 kutoka nyumbani kwetu. Nikirudi Kamalondo nakivua mlangoni, vinginevyo mama ataniuliza tangu lini nimekuwa Mtanzania.

Mwaka 2014 mama mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa akileta milango na vigae, alinichukua kwenda Guangzhou, China, kama mkalimani wake wa Kiingereza. Kiingereza changu kilikufa siku ya pili. Madukani mtu anakuwekea kikokotoo mbele yako, anaandika bei, unaandika yako, anacheka, anafuta. Ukitaka zaidi ya hapo, ujue kwamba "mai" ya sauti inayozama kisha ikainuka ni kununua, na "mai" ya sauti inayoanguka moja kwa moja ni kuuza. Nilimwambia mwenye duka la mabomba kwa wiki nzima kwamba nimekuja kumuuzia mabomba. Alinivumilia. Alinipa hata kiti.

Sikio liliniokoa, na sikio hilo si la Kiswahili, maana Kiswahili hakina habari ya sauti kupanda na kushuka ndani ya neno. Ni la Kiluba cha nkambo wangu, yaani babu. Yeye alitoka upande wa Bukama akaja kufanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, akafundishwa Kiswahili na kambi, akafa anakiongea kwa lafudhi ya kwao. Nyumbani aliongea nasi Kiluba, lugha ambayo ukikosea sauti umesema jambo jingine, na sisi wajukuu tulikuwa tukimwiga kwa kumtania. Guangzhou nikagundua kwamba utani ule ulikuwa mazoezi. Mtaa wa Xiaobei wakati huo ulijaa Waafrika. Mama muuza tambi wa chini ya jengo letu, niliyemwita laobanniang, yaani mama mwenye duka, kama kila mtu, ndiye alikuwa mwalimu wangu. Miezi kumi na minane. Wateja wake wakinung'unika, alikuwa anawaambia nisichokielewa, kisha ananiongezea yai.

Nimerefusha, lakini ni kwa sababu nataka uelewe nilichokwenda kununua ghorofani. Nilirudi 2016, nikapata kazi katika karakana ya kampuni inayotengeneza mitambo ya migodi, nje kidogo ya mji. Mkalimani. Mafundi wakuu ni Wachina, wachomeleaji na makanika ni wa kwetu, wa mitaa ya hapa mjini: Katuba, Kenya, Ruashi. Miaka saba nilifanya kazi kwa mdomo na masikio. Ujumbe nilituma kwa sauti, hati nilipiga picha nikaiachia simu itafsiri. Hadi siku moja mwaka jana mtambo mpya ulifika na karatasi zake, simu haina chaji, umeme hakuna, na shifu, fundi mkuu wa Kichina, ananinyooshea karatasi nisome kwa sauti ili vijana waanze kupakua. Nikasema nimesahau miwani. Sivai miwani. Wiki iliyofuata ofisini wakatangaza nafasi ya msimamizi wa hati, mshahara wa juu kuliko wangu, na sharti moja: cheti cha HSK ngazi ya nne.

Kwa wasiojua, HSK ni mtihani wa Kichina kwa wageni. Katika utaratibu ambao shule hii inaufuata zipo ngazi sita. Ya kwanza inataka maneno 150, ya nne inataka 1,200. Ngazi mbili za mwanzo unasaidiwa: juu ya herufi wameandika matamshi kwa herufi zetu za kawaida. Kuanzia ya tatu msaada unaondolewa, unaachwa na herufi tupu. Ngazi ya nne ina maswali 100, alama 300, na kupita ni 180. Mtu kama mimi anaweza kubeba sehemu ya kusikiliza karibu yote na kuzama kwenye nyingine mbili. Basi nikapanda.

Darasa lina viti 16. Tulikuwa 23. Wanaowahi wanakaa, wanaochelewa wanaegemea dirisha, na kwa vile mimi natoka kazini na taxi-bus ya saa kumi na moja ina mambo yake, nililijua lile dirisha vizuri. Wengi ni wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, watatu wanne wafanyabiashara wa Soko la Mzee, kijana mmoja wa forodha, na mzee mstaafu wa reli ambaye hakuwahi kusema anasomea nini. Wote waliniita Yaya, kwetu ni dada mkubwa. Prof, mwalimu wetu, ni kijana kwangu kwa miaka kumi, amesoma China miaka minne, na akiandika ubaoni mkono wake unaenda bila kusita, kama mama anayesuka ukili. Umeme ukikatika, kuna jenereta. Jenereta ikiwaka, humsikii Prof. Zipo jioni tulizosoma kwa taa za simu, kimya, na kusema kweli hizo ndizo nilizojifunza zaidi.

Sasa niseme kilichonifanya nisidai hela yangu. Mwezi wa pili, Alhamisi moja, Prof aliingia na kuandika alama moja upande wa kushoto wa ubao: mistari mitano, imesimama kama mtu mwembamba mwenye kofia. Akasema hii ni chuma, ni madini, ni kila kinachotoka ardhini kwetu. Kisha mbele ya alama hiyo akaanza kuongeza vipande. Akaongeza kipande kinachosomeka "tong": shaba. Kipande kinachosomeka "gu": kobalti. "Xin": zinki. Upande wa kushoto unakuambia ni madini, upande wa kulia unakunong'oneza linatamkwaje. Maneno yote hayo nilikuwa nayajua kwa masikio. Nimeyatafsiri mara elfu. Sikuwahi kujua kwamba yana uso, na kwamba nyuso zao zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Mzee wa reli alisema kwa sauti, "Kumbe!" Hakuna kitabu cha fotokopi chenye somo lile, kitabu kinaanza na wanafunzi wanaokutana maktaba na kuulizana nani ana kalamu. Prof alilitunga mwenyewe kwa sababu anajua anafundisha mji gani.

Kesho yake nilifika karakanani nikasimama mbele ya kibao kilichokuwa ukutani tangu siku yangu ya kwanza. Nilikuwa nakipita kila asubuhi. Herufi mbili za mwisho nilizitambua: hatari. Mbili za kwanza nikaulizia: umeme wenye nguvu kubwa. Chini yake, miaka saba, vijana wetu walikuwa wakitundika makoti yao.

Hapo naipa shule nyota zote.

Manung'uniko sasa. La kwanza ni bango. Chini ya jina la shule wameandika kwa Kifaransa kwamba baada ya miezi sita kazi ni ya uhakika. Hakuna miezi sita inayokupa ngazi ya nne kama umeanza na sifuri, na hakuna shule inayokupa kazi. Vijana wanne wa kundi letu walilikimbilia bango hilo. Mmoja aliuza pikipiki yake. Mwezi wa nne alikuwa anajua maneno kama 200 na amebaki na nauli. Nilimwuliza dada wa mapokezi kuhusu bango, akaniambia, "Yaya, hiyo ni publicité tu," yaani tangazo. Nilimjibu kwamba pikipiki haikuwa publicité.

La pili halina wa kumlaumu, lakini litakugusa mfukoni. Prof alipotea wiki tatu mwezi wa Julai. Mgodi mmoja upande wa Kolwezi ulimwita kwa kazi ya ukalimani, na siku moja ya huko inalipa kuliko wiki ya ghorofani. Ningekuwa yeye ningekwenda pia. Hii ndiyo shida ya kila shule ya Kichina hapa mjini: anayejua vizuri anachukuliwa na migodi, anayebaki ni ambaye migodi haijamwona. Wiki hizo tatu tulifundishwa na mwanafunzi wa ngazi ya tatu, mwenye moyo mzuri, aliyetusomesha somo moja mara mbili kwa sababu halikuwa limemwingia yeye mwenyewe. Ada haikupunguzwa. Nilidai, nikaongezewa Jumamosi mbili. Sikujua kama niseme asante.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo linaloondoa nyota nzima. Shule inafundisha Kichina kwa Kifaransa, kutoka Kifaransa, kwenda Kifaransa. Kila sentensi. Ukikosa neno, Prof anakupa la Kifaransa. Ukitafsiri, unatafsiri kwenda Kifaransa. Ukisema jambo kwa Kiswahili, darasa linacheka kama umeingia na ndala. Naelewa inakotoka. Shuleni kwetu kusoma ni Kifaransa, na Kiswahili ni cha uani, hata kama kwa sheria ni moja ya lugha zetu nne za taifa. Lakini kazi yenyewe iko uani!

Mwezi wa tano nilimwombea nafasi ya siku moja ya majaribio kijana mmoja wa UNILU, bora katika darasa, mwandiko safi, maneno kichwani kunizidi. Asubuhi shifu akamwambia awaambie wachomeleaji wakaze bulo (bolti) zote za upande wa chini kabla ya kuinua, na wasiguse za juu. Kijana alielewa kila kitu. Akawageukia vijana wetu na kusema kwa Kifaransa cha darasani, cha kiti cha mbele, "Veuillez resserrer l'ensemble des boulons inférieurs." Wakamwangalia. Mmoja akauliza, "Papa, unasema nini?" Akarudia polepole zaidi, kwa Kifaransa kile kile. Mama yake ni wa Katuba, huyo. Kiswahili amekinyonya. Ila hakuna aliyewahi kumwomba akitoe Kichina huku akiweke kule, na barabara hiyo kichwani mwake haikuwepo. Jasho lilimtoka, nikaingilia: "Bulo za chini kazeni zote. Za juu musiguse." Sekunde tatu.

Jioni yake hakuja darasani. Nilimpigia. Tulikubaliana tufanye zoezi kila Jumamosi baada ya kipindi, yeye na mimi na yeyote anayetaka, pale chini kwa fundi cherehani: mmoja anasema kwa Kichina, mwenzake anajibu kwa Kiswahili cha karakana, cha kriki na pine (tairi) na bulo, bila kupitia Ufaransa. Tulianza wawili, tukafika tisa. Fundi alilalamika tunamzibia wateja, kisha akaanza kuuliza kitenge kwa Kichina kinaitwaje.

Kuna mambo ambayo hata zoezi hilo halimalizi, na sidhani shule yoyote ingeweza kuyauza. Darasani tulifundishwa kumwita mtu "xiansheng", yaani bwana. Ni sahihi, ni adabu, na karakanani ukimwita hivyo mwenye mikono ya grisi atageuka aone nani ameingia nyuma yake. Mwenye ujuzi wa mikono anaitwa "shifu". Ni neno letu la fundi kabisa, lenye heshima ile ile na ndevu zile zile. Nilipowafundisha vijana wetu neno hilo, na nikamfundisha shifu mkuu kuwaita wao "fundi", kelele za asubuhi zilipungua nusu.

Au hesabu kwa vidole. Wachina wanahesabu hadi kumi kwa mkono mmoja. Sita ni kidole gumba na cha mwisho vimenyooshwa, vingine vimekunjwa. Nane ni gumba na cha shahada, kama bastola ya watoto. Guangzhou hiyo ni lazima, kwa sababu watu wengi wa kusini wanatamka nne na kumi karibu sawa, "si" na "si", na bila mkono utalipa kumi kwa cha nne. Mwaka wangu wa kwanza hapa, shifu alipaza sauti juu ya mashine inayosaga, akanyoosha gumba na kidole cha mwisho: sita, leta bulo sita. Msaidizi wake, kijana mwepesi sana, akakimbia. Akarudi ananitafuta mimi. "Mama, patron iko naomba telefone." Alikuwa ameshaiazima kwa mlinzi, iko mkononi, anampelekea. Shifu akaipokea simu, akaiangalia, akanyoosha tena vidole viwili kwa hasira, na kijana akasema, "Ndiyo, ndiyo hiyo, piga." Sikuweza kutafsiri kwa dakika nzima, nilikuwa nimeshika ukuta.

Nilimsimulia Prof. Akacheka, akasema China aliona vidole hivyo kila siku na hajawahi kufikiria kuvifundisha. Jumanne iliyofuata alinipa chaki na nusu saa. Kwa hiyo ukijiunga sasa, somo la vidole lipo, na sijalipwa.

Vidogo vidogo: choo kipo chini, ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari karibu na ubao na kila mtu anakuona ukiuchukua. Maji ya kunywa uje nayo. Jumamosi kuna mama anayeuza chikanda, chakula cha mizizi na karanga, mlangoni, nzuri kuliko ya Kitwe, nasema nikijua nitapigwa na ndugu zangu wa kule. Prof akifurahi huleta chai na kutukumbusha kwamba neno lenyewe asili yake ni Kichina, "cha". Utaisikia hadithi hiyo walau mara nne.

Nani aende? Kama umeishi huko, au umefanya kazi na Wachina miaka miwili mitatu na unaongea cha kuokota kama mimi, nenda bila kufikiri. Utapewa macho. Miezi sita imenifikisha herufi kama 700, hati za kawaida nazisoma bila simu, na mtihani nimejiwekea mwaka huu. Nafasi ya msimamizi wa hati walimpa mtu mwingine, mwenye cheti. Anakuja mezani kwangu mara mbili kwa siku kuniuliza shifu amesema nini.

Kama unaanza na sifuri, nenda pia, lakini weka mwaka na nusu kwenye hesabu yako, usiuze pikipiki, na tangu wiki ya kwanza kila neno unalopewa kwa Kifaransa ulitafutie la nyumbani uliandike pembeni. Kama una haraka ya cheti tu, zipo shule nyingine mjini zenye viti vya kutosha. Sijasoma huko, siwezi kuzisemea.

Fika ofisini kati ya saa tisa na saa kumi na moja, siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Uliza ada ya fotokopi kabla hujatoa hela, na uliza kama Prof yuko mjini mwezi huo. Zoezi la Kiswahili ni Jumamosi saa sita, chini, bure. Ukikuta mlango wa ngazi umefungwa usigonge, juu hawasikii kwa ajili ya jenereta. Mwombe fundi cherehani, ufunguo wa akiba anao yeye, kwenye kopo la vifungo.